Jumamosi ya Vikombe Vinavyozunguka

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, mwanamke wa kibanda cha tiketi aliniuliza tuko wangapi.

"Mmoja," nikamjibu.

Alichungulia nyuma ya bega langu, kana kwamba mume na watoto walikuwa wamejibanza kwenye kivuli changu. Hakuona mtu. Akanifunga ukanda wa karatasi kwenye mkono wa kushoto, mkono uleule wenye pete ya uchumba, akaitazama pete, akanitazama mimi.

"Leo michezo yote inafanya kazi, dada. Isipokuwa meli ya kubembea, inatengenezwa."

Nikashukuru, nikapita lango la bustani ya michezo.

Saa ile, wifi yangu aliamini kwamba niko hospitalini, kwenye maabara ninakofanya kazi ya kupima damu. Nilimwambia tumepokea mashine mpya na mkuu wa kitengo anatutaka wote tujifunze kuitumia. Mashine ilikuwepo kweli. Ilifika Jumanne, na kufikia Jumatano nilikuwa nimeshajua kuitumia. Uongo wangu ulikuwa umechanganywa na ukweli kwa kipimo cha kutosha, na hilo halikunipunguzia chochote.

Mchumba wangu ni fundi wa lifti. Watu wote wanamwita Fundi, hata wifi, dada yake aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Miezi minane kabla ya Jumamosi ile aliteleza ndani ya shimo la lifti, akaanguka mita moja na nusu tu, akajigonga nyuma ya sikio la kulia. Mfupa ulipona kwa wiki sita. Kilichogoma kupona ni kile kiungo kidogo ndani ya sikio kinachomwambia mtu yuko wima au ameinama. Akigeuza kichwa, chumba kinazunguka. Akiinuka ghafla, sakafu inamkimbia. Harusi yetu tuliiahirisha mara moja, tukaiahirisha tena, na mara ya tatu hakuna aliyetaja tarehe.

Tulimuuguza kwa zamu. Wifi, ambaye ni mshonaji wa magauni, alishika siku za kazi mchana. Mimi nilishika jioni zote na Jumamosi nzima. Jumamosi ile ya tiketi, zamu yangu aliishika yeye.

Sina sababu nzuri ya kueleza kwa nini nilikwenda. Nina tukio moja tu. Siku ya Alhamisi jioni nilifika mbele ya mlango wa Fundi, ufunguo mkononi, nikasimama. Nilipotazama saa, dakika saba zilikuwa zimepita na ufunguo ulikuwa bado haujaingia tunduni. Ndani nilimsikia akikohoa. Ninampenda mtu yule kwa namna ambayo sijawahi kuipatia kipimo, na sikutaka kuingia.

Nilianza na vigari vya kugongana. Nikagongwa na baba mmoja mnene aliyeomba radhi kila alipogonga, kisha akagonga tena. Nikacheka. Nikaenda kwenye treni ya angani, ile inayoonekana kutoka barabara ya hospitali. Kwa miaka sita, tangu ilipojengwa, nimekuwa nikiitazama kwenye dirisha la basi nikienda kazini. Foleni ilikuwa ndefu, watu wawiliwawili, wameshikana mikono. Kijana wa kufunga mikanda akasimama juu ya kiti, akapaza sauti.

"Nina nafasi ya mmoja! Mmoja tu! Nani yuko peke yake?"

Kuna aibu fulani kwenye swali lile, na wote waliokuwa wawiliwawili waliisikia kwa niaba yangu. Nikainua mkono.

"Pita mbele, dada! Mnaona faida ya kukosa mtu?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikakaa kando ya bibi wa miaka sabini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi kisogoni.

"Umekuja na nani?" akaniuliza.

"Mwenyewe."

"Mimi nimekuja na yule." Akanyoosha kidole chini, kwenye uzio, ambako mzee mmoja mrefu alikuwa amesimama amekumbatia mkoba wa kike kwa mikono miwili. "Miaka arobaini na mitatu ya ndoa. Anaogopa hata ngazi ya kubadilishia taa. Wako yuko wapi? Naona pete."

"Nyumbani. Anaumwa."

"Pole, mwanangu. Na amekuruhusu uje?"

"Ndiyo," nikasema. Huo ulikuwa uongo wa pili.

"Basi mshike huyo. Wanaume wenye roho hiyo hawaokotwi."

Treni ikaanza kupanda. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli, ilikuwa safari ya karibu dakika nzima mpaka kileleni, lakini nilitazama mji ukishuka. Kisha tukaachiwa. Nilipiga kelele ambayo sikujua kama ninayo. Bibi aliimba. Tuliposimama alikuwa amenishika mkono na miwani yake ilikuwa imehamia shingoni.

"Tena?" akauliza.

"Tena," nikasema, tukarudi kwenye foleni.

Vikombe niliviendea mwisho. Ni vikombe vikubwa vya rangi, kila kimoja kina benchi la duara na usukani katikati. Jukwaa linazunguka, na wewe mwenyewe ukitaka unakizungusha kikombe chako kwa usukani. Kimekusudiwa watu wanne. Nilikaa peke yangu, nikaushika usukani kwa mikono miwili, nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

"Dada, taratibu!" mwendeshaji akanipigia kelele. "Ukikizungusha hivyo kitang'oka kiende zake!"

"Kiende!"

Niliteremka, nikapanda tena. Nikateremka, nikapanda mara ya tatu. Mara ya tatu nilicheka mpaka machozi yakanitoka, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, peke yangu ndani ya kikombe cha manjano.

Niliposhuka, ardhi iliendelea kwenda. Nikashika uzio. Nimezoea kuhesabu, nikahesabu. Sekunde kumi na moja, dunia ikatulia, kila kitu kikarudi mahali pake.

Hapo ndipo nilipomkumbuka. Mimi nililipia kiingilio ili dunia inizunguke, nikakasirika ilipoacha. Yeye haijamwacha kwa miezi minane.

Nikatazama saa. Saa nane na dakika ishirini na tano. Nikajiuliza, kama ninavyojiuliza juu ya sampuli yoyote iliyopotea, ni lini mara ya mwisho nilipomfikiria. Sikuweza kupata hata mara moja. Nilimtaja kwa yule bibi, lakini nilimtaja kama mtu anavyotaja anwani. Roho ikanisuta papo hapo, ikanisuta njia nzima ya kurudi, vituo tisa vya basi.

*

Fundi anakaa ghorofa ya pili. Saa tisa na robo nilifungua mlango kwa ufunguo wangu. Wifi alikuwa sebuleni, gauni jeupe limemfunika magoti mpaka sakafuni, pini tatu mdomoni.

"Pole na kazi, wifi," akasema, pini zikicheza. "Kalala. Amekula vizuri. Nawe nimekubakishia chakula, kiko kwenye sufuria ya bluu. Mbona macho mekundu? Hiyo mashine yenu inatoa moshi?"

"Upepo," nikasema. "Hilo gauni si lilikuwa la kuchukuliwa leo?"

"Lilikuwa." Akatoa pini. "Ningelimaliza dukani asubuhi, cherehani iko kule. Nikaja nalo hapa nishone kwa mkono. Saa sita bibi harusi kaja na mama yake, wamenifuata mpaka hapa. Kanisimanga mlangoni, majirani wote wakatoka. Eti mimi mshonaji wa maneno. Nikamwambia, mwanangu, nina mgonjwa na wifi yangu ana kazi ya dharura. Bibi harusi atalifuata kesho alfajiri." Akakunja gauni kama mtu anayemlaza mtoto. "Lakini yamepita. Kazi ni kazi. Kula, mimi nikaanue nguo."

Akatoka kwenda kibarazani. Chakula kilikuwa bado cha moto. Sikukigusa.

Lazima nieleze kuhusu daftari, maana bila hilo mengine yote yasingetokea siku ile. Lilining'inia kwa kamba kando ya mlango. Nililianzisha mimi, wiki ya kwanza, kwa kanuni za maabara. Kila anayeingia zamu anaandika alikotoka, saa ngapi mpaka saa ngapi, ili akitafutwa ajulikane alipo. Kuna safu ya chakula, safu ya dawa, safu ya kizunguzungu, safu ya kuanguka. Hakuna mstari unaoachwa wazi. Hakuna ukurasa unaochanwa. Ukikosea, unakata kwa mstari mmoja ili kosa libaki linasomeka. Wifi alicheka sana mwanzoni, akasema hata benki hawaandikani hivyo. Baadaye alilizoea kuliko mimi.

Nikachukua kalamu. Niliandika saa: 4:10 mpaka 8:25. Kilichobaki kilikuwa neno moja, "kazini", herufi sita. Nimeandika majibu ya watu kwa miaka tisa. Nimewaandikia watu majibu waliyoyaogopa, na wengine wakaniomba nibadilishe, na sijawahi. Sikuamua kuungama, hilo niliseme wazi. Nilijaza tu mstari, kwa mazoea ya mkono. Niliposoma nilichoandika kilikuwa hiki: *Sikuwa kazini. Nilikuwa kwenye bustani ya michezo, peke yangu. Treni ya angani mara mbili. Vikombe mara tatu.*

Kuukata mstari kusingesaidia. Ungesomeka vilevile. Kanuni ilikuwa yangu.

Wifi akarudi na beseni la nguo. Akaliweka chini, akasogea mlangoni kusoma, kama anavyofanya kila siku kabla ya kuondoka. Nilimwona akisoma. Nikamwona akisoma tena, kidole kikifuata maneno.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini. "Hiki ni nini?"

"Ni kweli."

"Nimekuuliza ni nini, sijakuuliza kama ni kweli."

"Sikwenda kazini leo. Nilikudanganya. Nilikwenda kucheza."

"Kucheza." Akaketi kwenye mkono wa kochi. "Vikombe mara tatu."

"Ndiyo."

"Mara mbili hazikutosha?"

Nikaweka kalamu mezani.

"Nakuuliza kwa nia njema kabisa. Mtu mzima, mchumba wake kalala chali hawezi hata kugeuza shingo, anapanda kikombe. Sawa. Labda amechanganyikiwa. Anashuka, anapanda tena. Sawa, labda hakuona vizuri. Ya tatu ni ya nini, wifi?"

"Nilikuwa ninafurahi."

"Jamani!" Sauti ikampanda, akaishusha haraka, akatazama mlango wa chumbani. "Mimi nimeitwa mshonaji wa maneno mbele ya majirani, nimesimama kama mwizi, nakutetea! Nasema wifi yangu yuko kazini, wifi yangu ni mtu wa watu! Kumbe wifi yangu yuko hewani anapunga mikono!"

"Nisamehe. Gauni nitakusaidia. Nitakwenda kwa huyo bibi harusi mwenyewe nimwambie kosa ni langu."

"Utamwambia nini? Vikombe?" Akabetua midomo. "Nilimwambia mdogo wangu tangu siku ya kwanza. Huyu binti msomi, mzuri, sina ubaya naye, lakini anapenda vipimo kuliko watu. Akanicheka. Sasa angalia." Akanyoosha kiganja. "Vua pete, iweke hapa. Uende zako kwa amani. Sisi tutauguzana wenyewe, ndivyo tulivyolelewa."

"Siivui."

"Unangoja nini?"

"Aliyenivisha ndiye atakayeniambia niivue. Akisema, nitaivua hapa hapa, hutaniona nikibisha."

"Dada." Sauti ilitoka chumbani. Haikuwa ya mtu aliyelala. "Mlete huyo. Na daftari lenu."

*

Fundi alikuwa amelalia mito mitatu, kichwa kimenyooka, macho yameshika alama nyeusi ukutani. Nilimchorea mwenyewe ile alama, ukubwa wa shilingi, ili awe na kitu kisichosogea. Hakunigeukia. Kunigeukia kungemgharimu.

"Soma," akamwambia dada yake. Yeye maandishi yalimrukaruka.

Wifi akasoma. Kwenye "vikombe mara tatu" akatua kidogo, kama mwendesha mashtaka. Mimi nilisimama miguuni mwa kitanda, nikitazama mikono yake juu ya shuka. Ni mikono mikubwa yenye makovu madogo ya waya. Siku aliponivisha pete ndani ya lifti aliyokuwa ameisimamisha makusudi kati ya ghorofa ya nne na ya tano, mikono ile iliidondosha pete mara mbili. Nilimwambia aliye juu mngoje chini. Akasema yeye si mtu wa kungoja chini, ndiyo maana akawa fundi wa lifti.

Fundi aliendelea kuitazama alama.

"Ni ile treni inayoonekana kutoka barabarani?" akauliza.

"Hiyo hiyo."

"Inapandishwa kwa kebo au kwa mnyororo?"

"Mnyororo. Unalia tak, tak, tak, mpaka juu."

"Huo mlio si wa mnyororo. Ni vizuizi vya chini, visiruhusu irudi nyuma." Kisha akaniita. "Hadubini."

Ndivyo anavyoniita tukiwa wawili tu. Kuniita hivyo mbele ya dada yake kulinifanya nishike chuma cha kitanda.

"Naam."

"Ulikwenda ili ujue ninavyojisikia? Ndiyo maana ya vikombe?"

Hata wifi aliinua uso. Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi, na aliyeufungua ni yeye. Ningesema ndiyo, wifi angelia, Fundi angeninyooshea mkono, na mambo yangeishia pale. Nilimpenda kwa kunipa mlango ule. Nikaona haya kwa jinsi nilivyotaka kuupita.

"Hapana," nikasema. "Nilikwenda kufurahi. Nikafurahi. Kuanzia saa nne na dakika kumi mpaka saa nane na dakika ishirini na tano sikukukumbuka. Kuna bibi aliniuliza, nikakutaja, lakini sikukukumbuka. Hilo ndilo kosa langu. Uongo nimeuomba radhi. Hili sijui namna ya kuliombea."

"Unasikia mambo hayo?" wifi akamuuliza.

Fundi akafumba macho. Akifumba macho kizunguzungu humzidi, kwa hiyo huwa hayafumbi bila sababu.

"Inauma," akasema.

"Najua."

"Hujui. Mimi nakukumbuka kila dakika. Siyo sifa. Sina kazi nyingine. Nasikia ufunguo wako, nasikia kiatu chako. Alhamisi nilikusikia umesimama nje."

"Ulinisikia?"

"Nikakohoa, ili ujue niko macho. Ukaingia unatabasamu. Nikakuuliza, umechoka? Ulinijibu nini?"

"Sijachoka."

"Jana?"

"Sijachoka."

"Miezi minane nakuuliza swali moja, na wewe mtu wa vipimo unanipa jibu moja. Dada, daftari lina safu ya huyu kuchoka?"

"Daftari ni la mgonjwa," wifi akajibu.

"Basi uongo wa leo ni mdogo kuliko ule." Akafumbua macho, akayarudisha kwenye alama yake. "Nina wivu. Mwanamume mzima nakionea wivu kikombe. Nimekasirika pia, msinione nimelala mkadhani sijakasirika. Dada, soma safu ya kuanguka."

Wifi akageuza kurasa. Sauti yake ikapata fahari. "Sifuri. Sifuri. Sifuri. Tangu siku ya kwanza, mdogo wangu. Hujaanguka hata mara moja mikononi mwetu."

"Na daktari wa masikio alisema nini?"

Wifi akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwepo kliniki siku ile.

"Alisema utembee," nikasema. "Ugeuke, uyumbe. Ubongo ujifunze upya kwa kukosea."

"Nimekosea mara ngapi?"

Jibu lilikuwa limesomwa tayari. Kila alipoinuka, mkono wangu ulikuwa chini ya kiwiko chake kabla hajayumba. Mkono wa wifi ulikuwa upande wa pili. Tuliandika sifuri kwa miezi minane na kila sifuri ilitufurahisha. Mimi ninayewafundisha wanafunzi wa maabara kwamba kipimo kisichobadilika kamwe kinaweza kuwa kimekufa, sikuliona hilo.

"Mmenitunza kama yai," akasema. "Yai halitembei. Dada, mfute huyu kwenye zamu."

"Umesikia mwenyewe," wifi akaniambia, na sasa hakukuwa na ushindi wowote sautini mwake. Alionekana kuogopa.

Nikaishika pete. "Unaniacha?"

"Nimesema nakufuta kwenye zamu. Nilichumbia mwanamke, sikuajiri muuguzi. Ufunguo uache mezani. Jumamosi ijayo, saa tisa, njoo kama mgeni. Piga hodi."

"Na jioni?"

"Jioni ni zako. Lala. Panda vikombe. Usije."

"Nani atakushika?" wifi akauliza.

"Hakuna."

"Na ukianguka?"

"Mtaandika moja."

Nilitaka kumgusa. Nilisogea mpaka ubavuni mwa kitanda, nikasimama mbele ya macho yake, nikaiziba alama ya ukutani. Akanitazama badala ya alama, na niliona jasho likimtoka kwenye paji la uso kwa juhudi ya kunitazama.

"Umenisamehe?" nikauliza.

"Sijasema hivyo."

Niliweka ufunguo mezani, karibu na glasi yake ya maji. Pete nilitoka nayo.

*

Wiki ile sikwenda kwa Fundi. Jumapili alfajiri nilimfuata bibi harusi dukani kwa wifi, nikamwambia ucheleweshaji ulisababishwa na mimi. Akaniuliza mimi ni nani, nikasema ni mtu aliyedanganya, akaona hapana faida ya kuendelea. Jumatatu na Jumanne baada ya kazi nilikaa dukani kwa wifi nikishona vifungo. Hakunifukuza. Wala hakunipa kiti kizuri.

"Vifungo vyako vimenyooka kama foleni ya benki," akasema Jumanne. Ndilo neno pekee la wema nililolipata.

Jumatano saa tano asubuhi simu iliita nikiwa kazini.

"Tuna moja," wifi akasema bila salamu.

"Wapi?"

"Jikoni. Goti limechubuka. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na sikumshika, wifi. Aliniambia nikimshika atanifukuza. Nimesimama, namwona mdogo wangu anakwenda chini kama gunia, mikono nimeifunga nyuma." Alikuwa analia. "Halafu akacheka. Kule kule chini. Hataki ujue."

"Mbona unaniambia?"

"Nimwambie nani mwingine?"

Kufikia Ijumaa alikuwa ameanguka mara tatu.

Jumamosi, saa tisa na dakika moja alasiri, nilipiga hodi. Sikuwa nimebeba kitu. Ndani nilisikia kitanda, kisha miguu. Kitu kiligongwa, nadhani kiti cha sebuleni. Sauti ya wifi ikasema, "Kushoto kwako kuna—" na ya Fundi ikasema, "Nyamaza, Dada." Kiganja kikaja kinakwaruza ukuta, kikatua, kikaja tena. Nilisimama. Mikono yangu ilikuwa inauma kwa kutofanya kitu.

Saa tisa na dakika sita kitasa kiligeuka. Alikuwa yeye, amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa, nyuma yake hakuna mtu. Akauachia ukuta. Akageuza kichwa kunitazama, akayumba upande wa kulia.

Nilikuwa nimeshainua mikono. Nikaishusha.

Akajiweka sawa, akasimama.